Dakika Ishirini na Tatu za Muuza Perege

Ukishuka stendi ya Same ukauliza kwa Eliufoo Mchome, watu watakutazama tu. Uliza kwa Mzee Kesi, na hata muuza karanga ataacha sinia lake akupeleke mwenyewe hadi mlangoni. Mlango wenyewe ni wa duka dogo la picha: pasipoti, harusi, vipaimara, mazishi. Ukutani pamebandikwa makasha ya filamu kumi na mbili za vichekesho, na kwenye makasha yote kumi na mbili kuna uso wa Eliufoo, mdomo wazi, kidole juu, anashitaki mtu.

Alianza mwaka 2007 kwa kamera ya kurekodia harusi. Bwana harusi mmoja alichelewa kanisani saa nne nzima, na Eliufoo, kwa kuchoka kusubiri, akavaa koti la baba mkwe wa bwana harusi akaanza kuigiza mzee anayemshitaki jogoo wa jirani kwa kuwika kabla ya jogoo wake. Wageni wakacheka mpaka maharusi walipofika wakaonekana wanaharibu shughuli. Jumatatu yake akampa mzee huyo jina, Mzee Kesi, akaanza kumwandikia filamu. Alizitunga mwenyewe, akazipiga mwenyewe, akazihariri, akaigiza mhusika mkuu, kisha akazitembeza kwenye madirisha ya mabasi zikiwa kwenye kikapu. Abiria walipoishiwa hamu ya sidii, akahamia mtandaoni. Hakuna kampuni iliyowahi kumshika mkono. Prodyuza wa kujitegemea, ndivyo alivyojiita, na maana yake ni kwamba kila kitu kikikwama humwita mkewe Yudith.

Sisi Wapare tunasemwa huko nje. Wanasema tunapenda kesi kuliko chakula, na chakula chenyewe ni makande. Tunakasirika, halafu tunacheka, kwa sababu kila mmoja wetu ana mjomba wa namna hiyo. Mzee Kesi alikuwa mjomba wa watu wote. Eliufoo alijua hilo, na kwa miaka kumi na sita aliishi kwa furaha ndani ya koti la mtu mwingine.

Kazi zake alizifanyia kijijini kwao, juu ya Mwembe, barabara ya kwenda Mbaga, na alizifanya kwa msaragambo. Huko kwetu kama kuna barabara ya kuchimba au bwawa la kuzibua, pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Mnafanya kazi, mnakula pamoja, mnatawanyika. Eliufoo alikwenda kwa Mama Beatha, mjane mwenye sauti ya kengele anayesimamia msaragambo wa pale, akamwomba filamu ipigwe vivyo hivyo. Mama Beatha akafikiri, akakubali kwa masharti mawili. Aliyekuja kazini ahesabiwe. Na kazi ikiisha, walioifanya waione kwanza, kabla haijakwenda kwa mtu yeyote wa mjini.

"Msaragambo haufichwi," alimwambia. "Ukichimba mfereji, kila mtu anauona ulipopita."

Eliufoo akasema sawa, na kwa filamu kumi na mbili ikawa sawa kweli. Ya kumi na tatu ndiyo iliyomtoa roho.

Iliitwa *Zamu ya Maji*. Mzee Kesi anamshitaki jirani kwa kufungulia maji ya ndiva, lile bwawa la ukoo, siku isiyo yake. Kijiji kizima kinakusanyika kando ya bwawa kusikiliza kesi mbele ya hakimu, anaitwa shahidi, shahidi anasema hakuona kitu, Mzee Kesi anamkaanga kwa maswali. Asubuhi ya kupiga picha, aliyepangwa kuwa shahidi akaamka jino limemvimba. Wakati huohuo pikipiki ikapanda kilima na beseni la perege nyuma. Alikuwa Sebastiani, mfanyabiashara wa samaki kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mpole, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa sasa hivi.

"Ndugu yangu," Eliufoo akamwambia, "simama hapa. Nitakuuliza uliona nini. Sema hukuona kitu. Basi."

"Na samaki?"

"Shika tu."

Kamera ilikuwa kwenye stendi yake, Yudith kando na karatasi za mchezo. Eliufoo akanguruma kurasa tatu. Alitetemeka, akapiga magoti, akaita mababu. Watu wakatabasamu kama walivyozoea. Kisha akamgeukia shahidi. "Uliona nini!"

Sebastiani akatazama maji. Akamtazama Mzee Kesi. Akainamia beseni, akanyanyua perege mmoja kwa mkia, akamwangalia usoni kana kwamba yule ndiye aliyekuwepo. Akamrudisha taratibu. Akafukuza nzi.

"Mimi," akasema, "nimeleta samaki."

Watu arobaini waliinama kwa kicheko. Mzee mmoja akakaa chini kwenye matope. Yudith alikuwa ameziba uso kwa karatasi za mchezo, mabega yanaruka, machozi yanamtoka, na Eliufoo akasimama pale kidole juu akimtazama mkewe. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Filamu kumi na mbili. Alikuwa amemwona akicheka kwa adabu, amemwona akicheka kwa upendo. Hivi hajawahi kumwona.

Mwanzoni alidhani ni njaa, kile kitu kilichomkaba chini ya kifua. Akala makande mabakuli mawili, hakikutoka.

Siku mbili zilizofuata ikabidi muuza samaki aongezwe, kwa sababu watu walidai. Wakamweka kwenye kila tukio, na kwenye kila tukio hakufanya chochote, na watu wakafa kwa kicheko. Eliufoo akaanza kumwita "yule wa samaki", kana kwamba jina Sebastiani lilikuwa refu kwa ulimi wake. Aliporudi Same alijifungia chooni, mbele ya kioo, akasema "Mimi nimeleta samaki" mara kumi na mbili. Akajaribu kwa upole. Akajaribu kwa huzuni. Akajaribu na sabuni mkononi badala ya perege. Kwenye kioo alibaki yule yule, mwanaume mwenye sabuni. Wivu, jamani, humfanya mtu mzima awe mpumbavu akiwa peke yake, ambako hakuna hata wa kumcheka.

Na ingekuwa ni wivu tu, ungepita. Lakini juma lilelile Leticia akapiga simu. Leticia alikuwa mnunuzi wa vipindi wa kituo kimoja cha televisheni Dar es Salaam, dada mwenye maneno machache, na Eliufoo alikuwa amemtumia kipande kidogo cha filamu mpya, kipande chenye Mzee Kesi peke yake, bila shaka. Leticia akasema atapita Same akitokea Moshi. Angependa kuiona *Zamu ya Maji* mbele ya watu wenyewe. Ikiwashika, kituo kitaichukua pamoja na nyingine tatu.

Televisheni! Kwa miaka kumi na sita Eliufoo alikuwa anasubiri simu hiyo. Sasa imekuja, na akifumba macho aliona jinsi itakavyokuwa: yule dada ameketi, Mzee Kesi ananguruma, na macho ya dada yako kwa mwenye beseni.

Basi mchana wa Jumatano akashusha shata la duka hadi nusu, akakaa mbele ya kompyuta, akaanza kumkata. Alijipa sababu nzuri. Tukio la kwanza lina upepo kwenye sauti. La pili ni refu mno. La tatu mwanga umekosea. Alikuwa mhariri mzoefu, na mhariri mzoefu hakosi sababu. Ilipofika saa kumi alasiri zilikuwa zimetoka dakika ishirini na tatu, na Sebastiani hakubaki hata kiwiko.

Yudith alipita akitoka shuleni anakofundisha. Akainama chini ya shata. "Ile ya samaki umeimaliza?"

"Imekaa vizuri."

"Natamani kuiona tena," akasema, na akaanza kucheka palepale kwa kuikumbuka tu. Eliufoo akabonyeza kuhifadhi.

Jumapili baada ya ibada, ukumbi wa usharika kule kijijini ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa mbele. Leticia, kwa ruhusa ya Mama Beatha, alipewa kiti karibu na Yudith. Mama Beatha alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Sebastiani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likawa na kona, na pembeni yake alikuwa mkewe Lukia, kitenge kipya, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Walitoka Nyumba ya Mungu alfajiri. Lukia alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa kule mwaloni, wanakoshushia samaki, kwamba anakwenda kumwona mume wake kwenye filamu.

Eliufoo aliwaona. Angeweza kusimama pale akasema mashine imeharibika. Hakusimama. Akawasha.

Dakika kumi za kwanza zilikwenda salama. Kisha likaja tukio la shahidi. Kwenye shuka, Mzee Kesi ananguruma kurasa tatu. Ananyoosha kidole. "Uliona nini!" Halafu picha inaruka, na watu arobaini, kijiji kizima, wamegeuza shingo kulia, wanaangalia mahali ambapo hapana kitu, na wanacheka mpaka wanashikana.

Eliufoo aliyajua makosa yake papo hapo. Alikuwa amemkata mtu, akasahau kukata macho ya watu.

"Hapo," Mama Beatha akasema kwa sauti, "ndipo alipomwangalia samaki usoni."

Ukumbi ukalipuka. Walicheka kuliko siku ile ya bwawani, kwa sababu sasa walikuwa wanacheka pamoja na wao wenyewe wa kwenye shuka. Likaja tukio lingine, shingo zikageuka kulia, na watu mia moja na zaidi ukumbini wakageuka kulia nazo, wakaanguka. "Hapo alifukuza nzi!" "Hapo alimpa hakimu ashike beseni!" Kila mahali Eliufoo alipokuwa ameacha pengo, walilijaza wao. Mzee Kesi akaendelea kunguruma kwenye shuka, na hakuna aliyemsikia.

Leticia akamwinamia Yudith. "Wanamcheka nani?"

Yudith alikuwa anamtazama mumewe gizani, na hakuwa anacheka. "Mtu ambaye hayupo," akasema.

Kule nyuma Lukia alikuwa bado amekaa wima. Aliendelea kuangalia shuka hadi mwisho, akitegemea mumewe atatokea. Hilo ndilo Eliufoo asiloweza kulisimulia hadi leo bila kusugua uso.

Filamu ilipoisha, Mama Beatha akaagiza mablanketi yashushwe. Mwanga ukaingia kwa ukali. "Eliufoo. Simama."

Akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siku ile mimi nilihesabu watu arobaini na mmoja waliokuja kazini. Humu ndani nimeona arobaini. Wa arobaini na moja yuko wapi?"

"Kulikuwa na upepo, mama. Kwenye sauti."

"Upepo ulimvumia yeye peke yake?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Leo Mzee Kesi ana kesi!" na kicheko kikaongezeka, na kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote ambavyo Eliufoo amewahi kuvipata katika ukumbi ule. Akatamani sakafu ifunguke.

"Mwanangu," Mama Beatha akasema, safari hii taratibu, "mtu amekuja na jembe lake. Amechimba. Amekula na sisi. Wewe umekwenda ukafukia kipande chake. Kwa nini?"

Sababu zote nzuri za Jumatano alizitafuta, hakuziona. Leticia alikuwa anamtazama. Yudith alikuwa anamtazama. Nafasi ya televisheni ilikuwa imeshaondoka, alijua, kwa hiyo hapakuwa na cha kulinda.

"Nilimwonea wivu," akasema. "Mimi ninahangaika miaka kumi na sita. Napiga magoti, napiga kelele, mpaka koo linakauka. Yeye kaja na samaki, kasimama tu. Mke wangu kacheka mpaka analia. Nikaona nikimwacha humo, mimi sitaonekana tena. Ndiyo hivyo."

Hakuna aliyecheka. Mama Beatha akagonga fimbo. Kwa desturi, anayeharibu kazi ya msaragambo hutoa mbuzi, na aliyedhulumiwa ndiye husema kama mbuzi anatosha. Akamwita Sebastiani mbele.

Sebastiani akaja, shati lake na kona zake. Akasimama. Akatazama shuka tupu. Akamtazama Eliufoo. Ukumbi ukaanza kukohoa kwa kuzuia kicheko, na Eliufoo, hata katika fedheha ile, akajikuta anahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Sekunde nne za kimya. Yeye asingevumilia zaidi ya mbili. Wivu ukamrudia mzima mzima.

"Mbuzi sitaki," Sebastiani akasema. "Pikipiki yenyewe haina pa kumweka."

Akasubiri watulie.

"Nataka anifundishe kamera."

"Kamera?" Eliufoo akauliza.

"Kaka, mimi kusimama ni kazi gani? Kila mtu anasimama. Nilikuonea wivu wewe tangu siku ile. Ulisema 'kata', watu arobaini wakanyamaza. Nyumbani kwangu hata paka hanyamazi." Lukia akatazama pembeni, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Halafu kitu chako kinakaa. Mimi samaki wangu ikifika jioni wamekwisha, ama wameuzwa ama wameoza. Hakuna atakayejua kama nilikuja. Wewe ukitaka mtu abaki, anabaki. Ukitaka asiwepo, hayupo. Nimekaa pale nyuma nimeona. Nataka nijue hiyo."

Mama Beatha akauliza kama imesikika. Ikasikika. Ikaamuliwa kwamba filamu irudishwe nzima, na mafunzo yaanze.

Eliufoo alimsindikiza Leticia hadi garini. Yule dada akafunga mkanda. "Sijawahi kuona watu wakicheka pengo," akasema. "Niletee nzima. Nikiipenda nitakupigia."

Akaipenda. *Zamu ya Maji* ilirushwa mwezi wa nane, dakika zote zikiwa mahali pake, na mwanzoni pakaandikwa kwa herufi kubwa: Mtayarishaji, Eliufoo Mchome. Alipiga picha ya maandishi yale kwenye simu. Kesho yake alipita stendi kifua mbele, na muuza karanga akamkimbilia. "Mzee Kesi! Yule wa samaki yuko wapi siku hizi?"

Usidhani alipona. Wivu wake haukutoka, ulihama chumba tu. Kila Jumanne Sebastiani alikuja dukani akinuka bwawa, akajifunza. Na alijifunza upesi, ndiyo taabu. Juma la tatu alikuwa anajua kusoma mwanga. La tano akasema, kwa upole ule unaoudhi, kwamba huenda kamera ikishushwa kidogo itapendeza zaidi, ikashushwa, ikapendeza zaidi. Eliufoo alirudi nyumbani akamwambia Yudith, "Huyu mtu ataninyang'anya kila kitu."

"Mfundishe vibaya basi," Yudith akasema, akisahihisha madaftari.

"Nimejaribu. Anasahihisha."

Mwezi wa kumi walipanda kwenye ndiva, wawili tu, Sebastiani apige picha yake ya kwanza peke yake. Eliufoo akavaa koti la Mzee Kesi, akakaa tayari. Sebastiani akainama nyuma ya kamera. "Haya, kaka."

Eliufoo akanguruma. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Akapiga magoti. Nyuma ya kamera kimya.

"Kaka," Sebastiani akasema, "nyamaza."

"Nini?"

"Usiseme kitu. Simama tu."

Akasimama. Hakujua mikono aiweke wapi. Akaiweka mifukoni, mfuko mmoja ulikuwa umetoboka, mkono ukapitiliza hadi gotini. Akauvuta, ukagoma. Akatazama maji. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, amesimama kando ya bwawa la ukoo wake na mkono umenasa kwenye koti, mbele ya mtu ambaye yeye alimwonea wivu kuliko mtu yeyote duniani, na hakuwa na hata neno moja la kujikinga nalo. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Ya nne ilikuwa ndefu kama kwaresima.

Akasikia kicheko. Akageuka kumtafuta anayecheka, akidhani kuna mtu amepanda kilimani, na hapakuwa na mtu. Alikuwa Sebastiani, amekumbatia stendi ya kamera kwa mikono yote miwili, hawezi hata kusema "kata".

Picha ile iliharibika yote. Inatikisika tangu mwanzo hadi mwisho, upeo wa macho umelala upande, nusu ya kichwa cha Eliufoo haimo, na sauti ni kicheko kitupu. Haifai kwa televisheni wala kwa mtandao. Eliufoo, anayejua kukata kuliko mtu yeyote Same, hajaifuta.